Mwenye kope hakosi kauli: simu na kompyuta zisizohitaji mikono, na haki ya mgonjwa ndani ya nyumba

Fiq'hi ya Imamu Shafi, Allah amrehemu, iliyopanda na misafara kutoka pwani, ikatua Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ina mlango mmoja ambao mtoto wa madrasa anausoma mapema na mzee anauhitaji mwishoni mwa umri. Ni mlango wa Swala ya mgonjwa. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa. Asiyeweza kukaa ataswali amelala ubavu, na hilo likimshinda, chali. Asiyeweza kurukuu na kusujudu ataashiria kwa kichwa. Kichwa kisipotikisika, ataashiria kwa kope za macho. Na kope nazo zikishindwa, ataipitisha Swala moyoni mwake, maadamu akili ingalipo.

Ndugu msomaji, hebu tuutazame vizuri mpangilio huo. Wanazuoni hawakusimama kuhesabu mgonjwa amepoteza nini. Waliuliza amebakiwa na nini, na kila alichobakiwa nacho wakakipa kazi na heshima yake, hata kope mbili zikahesabiwa kuwa rukuu na sijda. Leo waundaji wa simu na kompyuta wamelifikia swali hilohilo: mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi amebakiwa na nini, na vipi kilichobaki kimtoshe kuandika, kusoma, kununua na kuzungumza? Jibu wamelipata, tena kwa sehemu kubwa limo ndani ya simu ambazo tayari tunazo mifukoni. Tunachokiona katika kamati yetu ni kuwa jibu hilo bado halijaingia katika nyumba zetu.

Dunia inayodhani kila mtu ana vidole

Mwaka 2019 nchi yetu ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, wengi walitambua kwa mara ya kwanza jinsi mifumo ya zama hizi inavyodhani kila mtu ana vidole vinavyosomeka. Tangu hapo dhana hiyo imezidi kukita mizizi. Simu imekuwa pochi, imekuwa sanduku la barua, imekuwa msahafu na mlango wa benki. Mtu asiyeweza kuigusa amefungiwa nje ya vyote hivyo kwa pamoja.

Nao hao si wachache wala hawako mbali. Yupo mzee aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala na ulimi umekuwa mzito. Yupo kijana wa pikipiki aliyevunjika shingo barabarani. Yupo aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, au kutoka kwenye mti wa porini alikokwenda kuteremsha mzinga wa nyuki, kazi inayozilisha familia nyingi za mkoa huu wa asali. Wapo watu wazima ambao ukoma uliwaachia viganja bila vidole, na wapo watoto wenye mtindio wa ubongo ambao mikono yao haitii amri ya akili zao, ingawa akili zenyewe ni timamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila watu sita, wanaishi na ulemavu mkubwa wa namna moja au nyingine.

Njia nne za kuongoza simu bila kuigusa

Ya kwanza ni sauti. Tangu mwaka 2017 kibodi ya Google imeweza kuandika Kiswahili kinachosemwa, cha Tanzania na cha Kenya. Mgonjwa anasema, maneno yanajiandika. Mwaka 2018 ikaja programu iitwayo Voice Access, ambayo inakwenda mbali zaidi: inaweka namba juu ya kila kitufe kilichomo kwenye kioo, na mtu anataja namba badala ya kugusa. Lugha zake za mwanzo zilikuwa za Ulaya, Kiingereza kikiwa mbele, lakini amri zake ni fupi kiasi kwamba mtu ambaye hakusoma sana anaweza kuzihifadhi kama anavyohifadhi nambari za simu za wanawe.

Ya pili ni uso. Simu za Android, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021, zinaweza kutumia kamera ya mbele kutambua ishara sita: kutazama kulia, kutazama kushoto, kutazama juu, kutabasamu, kuinua nyusi na kufungua kinywa. Kila ishara unaipa kazi yake. Kwa mfano, kuinua nyusi kuwe ni kusogea kwenye kitufe kinachofuata, na kufungua kinywa kuwe ni kukibonyeza. Ipo pia programu ya bure ya mwaka 2020 iitwayo Look to Speak, kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema. Anatazama kulia au kushoto kuchagua sentensi, kisha simu inaisema kwa niaba yake, na sentensi zenyewe zinaweza kuandikwa upya na wenye nyumba. Mgonjwa akaweza kusema anataka kugeuzwa ubavu, au anataka kutawadhishwa kwa kuwa Adhuhuri imeingia.

Ya tatu ni kichwa na macho. Wahadhiri wa Boston College nchini Marekani, James Gips na Margrit Betke, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo Camera Mouse. Kamera ya kawaida inashika alama moja usoni, labda ncha ya pua, na kila kichwa kinaposogea mshale wa kioo unasogea nacho. Mshale ukitulia mahali kwa muda mfupi, hiyo inahesabiwa kuwa ni kubonyeza. Inatolewa bila malipo. Kwa upande wa macho yenyewe, kampuni ya Apple iliingiza mwaka 2024 uwezo wa kuongoza simu zake mpya kwa kutazama tu, pasipo kifaa cha ziada.

Ya nne ndiyo ya kale na ya bei nafuu zaidi: swichi moja. Simu inapita yenyewe juu ya vitufe, kimoja baada ya kingine, na mtu anaisimamisha kwa kubonyeza mara moja kinapofika anachokitaka. Swichi hiyo inaweza kuwa kitufe cha kibodi ya zamani iliyounganishwa na simu kwa ule waya mfupi ambao mafundi wanauita OTG. Mtu anabonyeza kwa kiwiko, kwa kidevu, kwa goti au kwa kisigino. Fundi redio yeyote anayejua kushika pasi ya kulehemu anaweza kutoa waya mbili kwenye kitufe cha kipanya kilichochakaa na kuziunganisha na kitufe kikubwa kinachokaa chini ya kiwiko cha mgonjwa.

Nguo hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema. Wanawasha programu, wanajaribu siku mbili, inakataa, wanaizima na kusema haifai. Kilichokosekana ni kupima. Fundi cherehani hamshonei mtu kanzu kwa kipimo cha jirani yake, na vifaa hivi navyo vina vipimo vyake. Katika ishara za uso unaweza kuchagua ishara iwe kubwa kiasi gani ndipo ihesabiwe, na idumu muda gani. Katika swichi unaweza kupunguza mwendo wa vitufe vinavyopita, uwe wa mtu anayehitaji kufikiri. Kwa anayetetemeka, unaweza kuiambia simu ipuuze mguso wa pili unaofuata haraka.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa mwanasayansi wa Uingereza, Stephen Hawking, aliyefariki mwaka 2018 baada ya kuishi miongo mingi na ugonjwa uliokula misuli yake. Mwanzo alitumia swichi ya kubonyeza kwa mkono. Mkono ulipokufa, kikafungwa kwenye miwani yake kifaa kidogo cha mwanga usioonekana, kilichotambua msuli wa shavu ukitikisika. Wahandisi wa kampuni ya Intel walimjaribishia vifaa vya kufuata macho, wakidhani ndio upeo wa maendeleo. Havikumfaa, kwa sababu kope zake zililegea. Wakarudi shavuni. Mwaka 2015 kampuni hiyo ikaiachia programu waliyomtengenezea itumiwe na yeyote bila malipo. Funzo lake kwetu ni kwamba kifaa bora ni kile kinachomkaa mtu, hata kama ni cha zamani, na kwamba mwili ukibadilika kipimo nacho kirudiwe.

Yapo na mambo madogo yanayoamua kila kitu. Kamera inahitaji mwanga usoni, hivyo kitanda kigeuzwe kielekee dirishani. Simu inahitaji kusimama imara mbele ya macho, na kwa hilo kipande cha mninga na dakika chache za seremala vinatosha. Programu za kamera zinakula chaji, hivyo chaja iwe karibu. Na mgonjwa huchoka: robo saa asubuhi na robo saa jioni ni bora kuliko saa tatu za siku moja.

Sikio la mashine na Kiswahili chetu

Kiswahili kilifika Tabora mabegani mwa wapagazi. Mji uliotajwa na wasafiri wa 1857 kwa jina la Kaze ulikuwa njia panda ya misafara: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea ziwa kubwa. Wanyamwezi waliobeba mizigo hiyo kwenda pwani na kurudi walikichukua Kiswahili, wakakipa lafudhi yao, nayo ndiyo lafudhi ya wazee wetu hadi leo.

Mashine nayo hujifunza kusikia kwa kusikilizishwa. Ikisikilizishwa vijana wa miji mikubwa peke yao, itamwelewa kijana wa mji mkubwa na kumkosea bibi wa Sikonge au babu wa Urambo. Ndiyo maana tunaona umuhimu wa mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, unaokusanya sauti za watu wa kawaida wakisoma sentensi, kisha kuzitoa bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine. Mwaka 2021 mradi huo ulianza kazi kubwa ya Kiswahili, na miongoni mwa walioiongoza ni Kathleen Siminyu wa Kenya na Rebecca Ryakitimbo wa Tanzania. Kijana anayetoa nusu saa kusoma sentensi hizo, na anayemsaidia babu yake asome za kwake, anamwekea mgonjwa ambaye hatomjua kamwe sikio la kumsikia. Tunatarajia kwa Allah kuwa hiyo ni sadaka inayoendelea.

Kwa wale ambao kiharusi kimeuharibu ulimi wao, kazi ni ngumu zaidi. Google ilianza mwaka 2019 mradi uitwao Euphonia wa kukusanya matamshi yaliyoathiriwa na maradhi, ukianza na Kiingereza. Mpaka Kiswahili kifikie hapo, mgonjwa wa namna hii asisubiri sauti. Aanze na uso au swichi.

Namba ya siri ni amana

Tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kijana mmoja wa mji wetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, aliumia shingo baada ya kuanguka mtini. Mikono haikurudi. Tangu siku hiyo simu yake ilishikwa na nduguze, na namba yake ya siri ikawa inajulikana na watu watatu. Waumini walipomchangia, fedha ziliingia kwenye simu yake. Alipouliza salio baada ya wiki chache, nusu ilikuwa imekwisha kwa matumizi ambayo hakuulizwa hata moja. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Kila mmoja alisema alitumia kwa ajili yake. Yeye akasema neno moja ambalo wajumbe wa kamati waliokuwepo hawajalisahau: kwamba wamemfanya maiti anayerithiwa akiwa anasikia.

Vijana wawili wa msikiti walikaa naye kwa majuma kadhaa, wakiipima ile njia ya ishara za uso: nyusi za kusogea, kinywa cha kubonyeza. Mara ya kwanza kuandika jina lake peke yake kulimchukua muda mrefu. Menyu za nyota na reli zilimshinda, kwa kuwa hukatika zenyewe mtu akichelewa kujibu, hivyo akatumia programu ya kampuni ya simu, ambayo inamsubiri. Siku alipoiweza, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kubadili namba ya siri. Cha pili alimtumia mama yake fedha ya sukari, kwa hiari yake, na mama akalia.

Tukumbuke aya ya deni katika Surat al-Baqara, aya ya 282. Allah (s.w.) ameamrisha kuwa anayedaiwa ndiye aseme mwenyewe na kuandikiwa. Walii wake anaingia mahali pake pale tu ambapo mwenyewe ni dhaifu au hawezi kutaja, na hata hapo ameamrishwa uadilifu. Wanazuoni wa fiq'hi nao wamekubali kuwa ishara ya bubu inayofahamika inasimama mahali pa kauli katika miamala yake. Kwa ufahamu wetu, na masheikh wetu watatusahihisha, maana yake ni nzito kwa zama hizi: ikiwa kuna njia ya kumwezesha mgonjwa kutaja mwenyewe, basi kuendelea kumsemea ni kukaa mahali ambapo hapatuhusu tena. Mzee aliyepooza ana madeni anayoyajua yeye peke yake. Ana amana za watu. Ana wasia. Akifariki nayo kifuani ilhali simu iliyomo ndani ya nyumba ingeweza kumtolea, sisi tuliobaki tutajibu nini?

Wala tusidhani kuwa mwili uliolegea ni dalili ya elimu iliyolegea. Ataa bin Abi Rabah, Allah amrehemu, alikuwa kiwete, ana jicho moja na mkono uliopooza, na mwishoni alipofuka kabisa. Pamoja na hayo ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, na wakati wa Hija ilitangazwa kuwa asitoe fatwa mwingine. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, aliadhini katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) na aliachiwa usimamizi wa Madina. Jamii ile haikumficha mtu chumbani.

Mji wetu nao si mgeni wa jambo hili. Tabora ina Shule ya Msingi Furaha ya wanafunzi wasioona. Kompyuta inayosoma kwa sauti, kama ile programu ya bure ya NVDA iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, imewafungulia wasioona wengi milango. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria ipo na vifaa vipo. Kilichobaki ni watu wa kukaa na mgonjwa.

Tunayoyapendekeza

Kwa familia: kabla ya kununua chochote, kaeni na mgonjwa mmuulize ni kiungo gani anaweza kukitikisa bila maumivu, mara nyingi, bila kuchoka. Hicho ndicho mtakachoanzia. Fungueni mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, mjaribu njia moja kwa wakati mmoja. Anayetumia sauti asitaje namba ya siri mbele za watu. Kwa jambo hilo swichi au ishara za uso zina usalama zaidi. Na kwa kuwa kamera inakuwa wazi muda wote, chumba kiwekewe utaratibu wa sitara, hasa kwa mama na mabinti wanaomhudumia.

Mpaka siku atakapoweza mwenyewe, namba yake ya siri ishikwe na mtu mmoja anayemchagua yeye, na kila matumizi yaandikwe kwenye daftari na kusomewa. Akiweza kuandika wasia wake kwa njia hizi, ushuhudiwe na watu wawili waadilifu na asomewe tena akubali.

Kwa misikiti: kila kamati iorodheshe wagonjwa wa majumbani walio katika eneo lake, wanaume kwa wanawake, na iteue kijana mmoja na binti mmoja wajifunze kupima vifaa hivi, kijana aende kwa wanaume na binti kwa wanawake. Katika sadaka za Ijumaa itengwe sehemu ndogo ya waya, kibodi iliyotumika na kazi ya fundi. Wapagazi wa zamani mzigo mzito kama pembe kubwa ya ndovu waliuning'iniza mtini, wakaubeba watu wawili. Na huu ubebwe hivyo, mgonjwa akiwa mmoja wa wabebaji.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awafungulie waliofungiwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza amana kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq.